Achana na Tiger, jenga mizinga ya Fort Jesus

Wadau, leo tuongee kuhusu vifaru. Si wale wa Tsavo, vile vya chuma.

Tangu nianze kuweka video za modeli, swali ninaloulizwa zaidi ni moja: nataka kujenga kifaru cha vita kwa mikono yangu, kutoka sifuri, nianze na kipi? Na kabla sijajibu, muulizaji ashajijibu mwenyewe. Anataka Tiger. Kila mtu anataka Tiger. Kifaru cha Wajerumani cha 1942, tani zaidi ya 50, mzinga wa milimita 88. Amekiona kwa sinema, amekiona kwa gemu, sasa anataka akiweke juu ya kabati chumbani kwake Majengo.

Sina ugomvi na Tiger. Lakini kifaru hicho hakikukanyaga Afrika Mashariki hata kwa dakika moja, na kila pembe yake ishapimwa na kuchorwa na kutolewa kwa plastiki mara chungu nzima. Ukikijenga, unarudia kazi ya watu. Na wakati huohuo, hapa hapa kisiwani, kuna silaha mbili ambazo zenyewe, zile za kweli, zilijengwa kwa njia ile ile tunayojenga sisi modeli zetu: kwa kuokoteza, kupima kwa macho, kukata hiki na kukibandika kile. Mafundi wa vita walikuwa na shida ya kweli na vifaa vya kubahatisha, wakatoa kitu ambacho hakikuwepo kabla.

Ukishuka feri upande wa kisiwani, usipande tuktuk. Fuata Mama Ngina Drive, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, pita mibuyu, zunguka na pwani mpaka utokee Fort Jesus. Dakika arobaini hivi kwa mguu, zaidi ukisimama kwa mihogo. Watalii wanakimbilia ndani kusikiliza stori ya Wareno walioanza kuijenga ngome 1593 na Waomani walioichukua 1698. Wewe baki nje kwanza. Kati ya mizinga iliyowekwa pale, miwili si ya Mreno wala ya Muomani. Ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Mwingine ni wa manowari ya Kiingereza, Pegasus. Na meli hizo mbili zilipigana, moja ikaizamisha nyingine. Sasa mizinga yao imekaa pamoja kama wazee wa baraza waliowahi kupelekana kortini.

Stori yenyewe iko hivi. Königsberg iliingia Dar es Salaam katikati ya mwaka 1914, ikiwa na mizinga kumi ya milimita 105, kazi ya Krupp. Vita vilipokaribia kuanza ikatokomea baharini. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikaikuta Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ilikuwa meli ya zamani, iliyoshushwa majini 1897, na mizinga yake haikufika mbali kama ya adui. Mjerumani akasimama kwa umbali wa raha zake, akapiga. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa na meli ikazama. Makaburi yao yako kwenye kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Königsberg ikajificha kwenye mikono ya delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na Waingereza wakahangaika nayo miezi na miezi. Mwishowe wakaleta manowari mbili bapa za kuelea kwenye maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuwaelekeza wapigaji. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha. Wafanyakazi wake wakailipua wenyewe ikakaa chini ya matope.

Filamu nyingi zingeishia hapo. Lakini kwa sisi wa modeli hapa ndipo mambo yanapoanza.

Wajerumani waliirudia ile meli, wakatoa mizinga yote kumi. Yote! Wakaiburuta kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, na kwenye karakana za mji ule wakakaa chini na swali ambalo kila mjenzi wa modeli analijua: nina kitu hiki kizuri, lakini hakikutengenezwa kwa kazi ninayoitaka. Nikifanyeje?

Kwa sababu mzinga wa meli haujui kutembea. Umefungwa kwa bolti kwenye sitaha, juu ya kiguzo. Ukipiga, ule msukumo wa kurudi nyuma unamezwa na meli nzima, maelfu ya tani, na bahari chini yake. Ukiutoa ukauweka juu ya ardhi bila kitu, risasi ya kwanza utapinduka na wapigaji wake. Kwa hivyo unahitaji gari la mzinga: magurudumu makubwa yenye mataruma, ekseli ya kubeba mtutu wenye uzito wa karibu tani moja na nusu, na mkia mrefu wa chuma nyuma unaojichimbia ardhini ili msukumo uishie kwenye udongo. Hivyo vyote Krupp hakuviagiza. Hakukuwa na barua kwenda Ujerumani, maana Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Vilitengenezwa Dar es Salaam kwa chuma kilichopatikana Dar es Salaam.

Huko ndiko kujenga kutoka sifuri, kwa kipimo cha moja kwa moja.

Na Mwingereza naye hakulala. Alizamia Zanzibar, akatoa mizinga ya Pegasus, naye akaitia magurudumu. Askari wake wakaipa jina la mkato, "Peggy". Yaani pande mbili zilizokuwa zikiuana zilifanya kazi ile ile ya mikono, kwa mizinga inayokaribiana mno, halafu zikaivuta kwenye nchi ile ile. Mzinga wa Mjerumani una tundu la milimita 105. Wa Mwingereza ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Ukiijenga kwa skeli ya 1:35, tofauti kati ya matundu hayo ni sehemu ya kumi ya milimita. Hutaiona hata kwa miwani ya babu yako.

Na kwa nini 1:35, namba ya ajabu hivyo? Hii nawapa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ilitaka kutoa modeli ya kifaru cha Panther inayotembea kwa mota. Kifaru kikapimwa ukubwa kulingana na betri mbili zilizopaswa kuingia ndani. Baadaye ndipo wakapiga hesabu wakakuta ni kama 1:35, na tangu siku hiyo dunia nzima ya modeli za kijeshi inafuata ukubwa wa betri mbili. Kwa hivyo mtu asikutishe kwa sheria za hobi hii. Sheria yenyewe ilianza kwa kubahatisha.

Turudi vitani. Mtu ataniuliza, kama ni vita vya dunia, vifaru vilikuwa wapi? Vifaru vya chuma viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, kule Somme, Ufaransa. Siku kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 4 Septemba 1916, Dar es Salaam ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Waingereza. Huku kwetu kifaru cha chuma hakikuja. Yalikuja magari machache ya deraya, Rolls-Royce zilizovishwa mabamba ya chuma, yakafanya kazi upande wa Kilimanjaro 1916. Mvua zikinyesha, hayo nayo ni mawe tu. Mwenye kujua barabara za udongo za Kwale mwezi wa Mei hahitaji kuelezwa.

Basi kama hakuna injini, si utumie ng'ombe? Farasi? Punda? Walijaribu. Mbung'o akawamaliza. Ugonjwa wa nagana uliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi yote mawili kwa maelfu, mpaka ikawa mnyama akifika akiwa mzima, majenerali wanajua ni wa muda tu.

Sasa piga hesabu. Una mzinga ambao mtutu wake peke yake ni karibu tani moja na nusu, juu ya gari la chuma lenye uzito wake. Huna injini na wanyama wamekufa. Unatoka Dar es Salaam unaenda Kahe, chini ya Kilimanjaro, ambako mzinga mmoja wa Königsberg ulipiga Machi 1916. Au unaenda Kondoa Irangi, ndani kabisa ya bara, ambako mwingine uliwapigia makombora askari wa Van Deventer Mei mwaka huo huo. Reli inakufikisha mahali fulani halafu inaisha. Baada ya reli ni nani anayeuvuta?

Watu. Mamia ya watu kwa mzinga mmoja, wamefungwa kwa kamba, wanavuta kwenye matope na vilima na mito. Nyuma yao wengine wamebeba risasi. Risasi moja kamili ya mzinga ule, kombora pamoja na ganda lake, ina uzito wa zaidi ya kilo 20. Ni mzigo wa mtu mmoja kichwani. Kwa hivyo kila mara mzinga ulipolia boom, jua kuna mwanamume fulani aliyetembea wiki kadhaa kwa ajili ya sauti hiyo moja, na kesho yake anarudi kuchukua nyingine.

Hapa ndipo mimi na watu wengi wa hobi hii tunapoachana. Wao wakijenga mzinga kama huu wataupaka rangi vizuri, wataweka kutu kidogo, labda askari mmoja amesimama na darubini, basi. Mimi nasema hiyo modeli haijafika hata nusu. Hebu tuipige hesabu yenyewe, maana hesabu haina upendeleo.

Mzinga wa Königsberg unaitwa L/40, maana yake urefu ni mara 40 ya tundu lake. 105 mara 40 ni milimita 4,200, mita 4.2. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 12. Urefu wa kalamu, kasoro kidogo. Tundu lake ni milimita 3. Mwanamume wa mita 1.70 anakuwa chini kidogo ya sentimita 5.

Sasa tuseme wavutaji ni 200 tu. Wapange wawili wawili, safu 100, kila safu ipewe mita moja, na hapo tumewabana kweli. Hiyo ni mita 100 za watu. Kwa skeli yetu, karibu mita 3.

Sentimita 12 za chuma, mita 3 za watu, ndiyo picha kamili ya silaha hii. Mjenzi wa modeli anajisifu kwa usahihi, anahesabu hadi ribiti, anagombana na wenzake kuhusu rangi ya kijivu ilikuwa kijivu gani, halafu anaacha mita 3 nje ya modeli? Usahihi gani huo? Kifaru kina injini, na ukijenga kifaru bila injini watakucheka. Injini ya mzinga huu ilikuwa na miguu mia nne.

Na hao watu wanajulikana. Wajerumani waliwachukua kwa nguvu vijijini upande wao. Kwa upande wa Waingereza, Kenya, sheria ya 1915 iliruhusu wanaume kuandikishwa kwa lazima kuwa wapagazi, na 1917 ikaja ile kamatakamata kubwa iliyosimamiwa na John Ainsworth. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Watu wanaenda Kariakoo kununua viatu, hawajui wanataja jina la jeshi la wabeba mizigo. Walikufa makumi ya maelfu, na si kwa risasi sana. Waliuliwa na kuhara damu, malaria, kichomi, chakula kibovu na baridi ya mvua bila blanketi.

Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza kwenye vita vile hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Soma tena hiyo namba ya pili, kisha ondoa ile ya kwanza. Pengo lililobaki ni watu 234,000, na hata kuhesabika hawakuhesabika sawasawa. Sisi tuna sanamu la askari pale Jomo Kenyatta Avenue, tunalipita kila siku kwa matatu. Lakini mzinga una jina. Unajua ulitoka meli gani, kiwanda gani, una kipenyo gani. Hata mizinga mingine miwili ya Königsberg iliyobaki duniani inajulikana iko wapi: mmoja Pretoria, mmoja Jinja. Chuma kimehifadhiwa kwa jina, na aliyekivuta akabaki namba ya kukadiria.

Kuna mtu ataandika kwa komenti, na najua atakuwa nani, kwamba kujenga modeli za silaha ni kusifu vita, afadhali tujenge jahazi. Kwanza jahazi napenda, mafundi wa Mji wa Kale wanaotengeneza majahazi madogo ni walimu wangu wote. Lakini hapana. Ukijenga silaha ukaitenga na mwili wa binadamu, hapo ndipo unapoisifu, kwa sababu inabaki nzuri tu, inang'aa, haina harufu. Ukiiwekea kamba na mabega, haiwezi tena kuwa nzuri kwa namna ile.

Nami siamini modeli ni mchezo wa watoto tu. Vita vyenyewe vilikuwa na modeli. Kule Ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa na meli, Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa meli na treni hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Seti ya kuunganisha kubwa kuliko yoyote utakayonunua, na sijui nani alibaki na skrubu mbili mkononi mwisho wa kazi. Wakaiwekea mzinga mmoja wa Königsberg. Meli hiyo baadaye ilizamishwa, ikaibuliwa, ikapewa jina la Liemba.

Ziwa hilohilo, Juni 1916, kamanda wa Kiingereza Geoffrey Spicer-Simson alifika mbele ya ngome ya Bismarckburg, leo Kasanga. Akaona mizinga juu ya kuta. Akaogopa kuikaribia, akaondoka, na Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa maji. Ngome ilipochukuliwa, ikaonekana ile mizinga ni ya mbao. Modeli! Fundi fulani mwenye randa na rangi nyeusi alisimamisha jeshi la majini. Kwa hivyo mama yako akikuuliza unachezea nini na kadibodi mchana kutwa, mpe stori hiyo.

Haya, kazi. Mnaotaka kuanza, vifaa vyote mnavipata kutoka Feri hadi Mackinnon, sioni haja ya kuagiza kitu ng'ambo.

Anza kwa kupima. Nenda Fort Jesus, piga picha mzinga kwa ubavu, ukiwa umesimama mbali kidogo na simu ikiwa sawa na usawa wa mtutu. Usisimame karibu, picha itapinda. Kwa vile unajua mtutu ni mita 4.2, huo ndio rula yako. Ichape picha, pima mtutu kwenye karatasi, kisha kila kitu kingine unakipata kwa kulinganisha. Watu wanahangaika kutafuta ramani za kihandisi wakati ramani iko mbele yao imekaa juani.

Mtutu, chukua mrija wa wino wa kalamu ya Bic iliyokwisha. Unene wake uko karibu na milimita 3, kwa hivyo uusafishe kwa spiriti, uutumie kama kipimo: zungushia vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi nyeupe ya mbao, vichache kwa mdomo, vingi zaidi kwa nyuma, maana mtutu ni mwembamba mbele na mnene nyuma. Ukikauka nusu, chomoa mrija, tundu linabaki. Acha siku nzima. Halafu msasa, taratibu, mpaka usione mistari ya karatasi. Hapa wengi wanakimbia, ndiyo maana mitutu yao inafanana na mua.

Gari lake jenga kwa kadibodi ngumu, ile ya nyuma ya daftari za hesabu, uiloweshe kwa gundi ya maji ili iwe kama bamba. Ribiti ni vitone vya gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, na ukikosea unafuta ukiwa bado mbichi. Mataruma ya gurudumu ni vijiti vya mishikaki vilivyochongwa. Usiyafanye yalingane sana. Lile gari lilijengwa kwa haraka, na modeli iliyonyooka kuliko kitu chenyewe nayo ni uongo.

Rangi sitaki kusema mengi. Chochote ulicho nacho, weka nyembamba, mara nyingi.

Watu ndio kazi. Hapa nachukua muda wangu wote. Waya wa shaba kutoka kebo kuukuu, vipande viwili vimesokotwa: mmoja unakuwa mguu hadi mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, kichwa ni fundo. Kata kila mmoja awe chini kidogo ya sentimita 5, na usiwafanye wote urefu mmoja, maana waliokamatwa hawakuchaguliwa kwa urefu. Wazungushie karatasi ya tishu iliyochovywa gundi ili wapate mwili. Mpinde mtu kutoka kiunoni, si magotini. Anayevuta mzigo mzito anaegemea mbele mpaka karibu aanguke, na ni kamba inayomzuia asianguke. Nendeni pale Feri asubuhi mkaangalie wavuta mikokoteni wanavyopanda ule mteremko wakitoka kwenye feri, mtaona kila kitu: kisigino kimeinuka, kichwa kiko chini, shingo imekaza. Miaka mia na ushee, na mwili haujabadilisha namna ya kuvuta.

Kamba ni uzi wa katani, usitumie nailoni, maana inang'aa. Uvute ukaze kati ya mtu na mtu kabla gundi haijashika. Kamba iliyolegea inaua modeli yote. Acha wawili watatu katikati ya safu ambao kamba imewatoka mabegani, na kando ya njia weka mmoja amekaa chini. Usimpe mtu wa kumsaidia.

Mimi yangu nimefikisha watu 34. Mzinga ulinichukua wiki moja, hao 34 wamenichukua mwezi na zaidi. Meza yangu ina mita moja na nusu tu, kwa hivyo safu itabidi ishuke kwenye meza, ipande kizingiti cha dirisha, ipinde kona na kurudi ukutani. Bado 166. Ninatafuta waya wa shaba, ule mwembamba wa ndani ya kebo za simu za zamani. Mwenye nao anaweza kuniletea Feri upande wa kisiwani Jumamosi mchana, na akitaka kukaa apinde watu wake watano aweke jina chini yao, nafasi ipo.